Saba Iliyokosekana Kwenye Kadi za Idi

Mzee Athumani,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako ya kukwaruza, na Zena binti yako akanitazama kama mwendawazimu. Basi tumeshasalimiana.

Kibandani kwako mambo yanaendelea. Fotokopi inafanya kazi umeme ukipenda. Pale mbele ya stesheni wamefungua vibanda vingine viwili vya chapa, maana siku hizi hapa Kilosa kila mwenye shemeji Dubai anaagiza mashine. Lakini wateja wanakuja kwangu. Wanasema natia karatasi plastiki vizuri kuliko wewe. Wanasema wao, mimi nakaa kimya, unanijua.

Nakuandikia kwa sababu ya kadi za Idi, mpwa wako anayewaongoza watalii kuzamia baharini kule kisiwani Mafia. Ulimwahidi kadi kumi na mbili zisizoingia maji, halafu homa ikakuwahi. Alipokuja kwenye arobaini yako, jedwali lake la zamani la kuzamia likiwa limeliwa na chumvi hata halisomeki vizuri, nilimwambia, "Kaka Idi, mwenye kazi nipo."

Alinieleza. Mtu akishakaa chini sana na mtungi wa hewa mgongoni, hapandi moja kwa moja. Anasimama njiani, kina fulani, dakika fulani, damu itulie. Akikosea anapooza, au anakufa. Dakika zenyewe anazisoma kwenye kadi aliyoifunga mkononi. Nikaitikia kwa kichwa kama mzamiaji mwenzake, mimi ambaye maji yangu marefu ni mto Mkondoa, tena wakati wa kiangazi.

Nikachapa. Unaikumbuka taipureta yako isiyo na saba. Kitufe kilivunjika kabla sijaja kwako, na ukakataa kukitengeneza. "Pengo linaniamsha," ulisema. Mimi nilijua ni ubahili. Tunaacha nafasi, kisha tunajaza saba zote kwa kalamu nyeusi ndipo tunatoa fotokopi. Nilizijaza. Saba zangu nzuri, zimesimama kama askari.

Plastiki nikaiacha ipite karatasi kwa upana wa kidole pande zote, kama ulivyonifundisha. Kadi moja nikaitumbukiza ndooni asubuhi, jiwe juu, nikaitoa alasiri. Kavu. Mzee, nilitembea nayo hadi sokoni nikiwaonyesha watu.

Idi akauliza, "Umesoma na mtu, kutoka chini? Mjomba alikuwa hatoi kazi ya namba bila hivyo."

Nikasema nimesoma.

Nilikuwa nimesoma peke yangu, kutoka juu, napiga mluzi. Na wewe uliniambia mara ngapi? "Ukianzia juu unasoma ulichokwisha kukariri, mpumbavu wewe."

Zena alikuwa anafagia. Akauliza, "Umesoma na nani? Hapa tupo mimi na wewe, na mimi hukuniita." Akaweka ufagio, akachukua jedwali la zamani, akalielekeza kwenye mwanga, akaanza mstari wa mwisho. Mimi nikashika kadi, natabasamu. Mstari wa nne kutoka chini akasema, "Kumi na saba."

Nikasema, "Moja."

"Kumi na saba, wewe."

Nikatazama. Moja, kisha nafasi nyeupe. Saba moja nilikuwa nimeiruka. Na kwa kuwa zote zimetolewa karatasi moja, zote kumi na mbili zilikuwa hivyo, zimefungwa ndani ya plastiki, kalamu haifiki. Nilipima maji, sikupima namba.

Idi hakunitukana. Ingekuwa nafuu. Aliichukua kadi akasema tu, "Kina hiki nakishukia kila wiki." Kisha akakaa kwenye kiti chako. Mtu hakuwa amekikalia tangu...

Basi. Nilikatakata kumi na moja kwa mkasi mbele yake. Plastiki ilikuwa imebaki ile ya menyu za hoteli ya Mikumi, nikaitumia yote. Meneja amesubiri menyu wiki nzima na matusi aliyonipa siwezi kuyaandika kwa marehemu. Idi aliahirisha safari ya basi, nami nikaijaza ile saba kwenye karatasi. Kesho yake tulisoma watatu, kutoka chini, Zena akiongoza, na kila saba ananipiga jicho. Tulisoma mara mbili. Ndipo nikatoa fotokopi upya, tukafunga plastiki. Juzi Idi ametuma salamu na mtu wa lori: ameshuka na kupanda, yu mzima, kadi ni kavu.

Sasa usikasirike. Kitufe cha saba nimeagiza Morogoro, kinapatikana, kila kitu kinapatikana siku hizi. Wewe pengo lilikuamsha, mimi lilinilaza. Hatufanani, ingawa wateja wanasema mimi ni mtanashati zaidi.

Ila hili nakuahidi, na Zena ni shahidi, tena shahidi mbaya: plastiki haitafungwa kibandani kwako kabla mtu mwingine hajasoma nami kutoka chini, hata kama ni namba za mbio za magunia.

Lala salama, Mzee. Kadi ya kumi na mbili sikuikata. Nimeitundika kwenye msumari wa kofia yako. Wateja wakiuliza ni nini, nawaambia ni kosa langu. Liko pale, kavu kabisa, haliingii maji.

Kijana wako,
Hamisi