Pazia la Ndege

Tarehe 6 Septemba

Mke wangu mpendwa, Bibi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na Shangazi naye mzima, na kwamba bado mnagombana kuhusu nani aliacha mlango wazi. Mimi sijambo, nakula vizuri, usianze.

Nina habari. Nimeacha kusambaza mikate. Sasa naendesha gari kubwa lenye kitanda na jiko nyuma, nimewabeba wastaafu wawili, mume na mke, na kazi yetu ni kutazama ndege. Usicheke. Huku watu wanatoka makwao, wanavuka mipaka, wanazunguka hifadhi za taifa moja baada ya nyingine, kwa ajili ya ndege tu. Mke nimempa jina Mama Darubini, kwa sababu hata akila supu darubini iko shingoni. Mume ni Mzee Kimya. Mke anasema, mume anatikisa kichwa, siku inaisha.

Ndege wameanza kuondoka, wanaikimbia baridi. Sisi tunawafuata polepole hadi kwenye bwawa moja ambako korongo hukusanyika kabla ya kuruka kwa pamoja. Hapo ndipo safari itakapoishia.

Jana asubuhi tulisimama kando ya ziwa lenye ukungu, maji na anga havitengani. Ndege walipita ndani ya ule ukungu, tukawasikia mabawa bila kuwaona. Nikakukumbuka. Nikajiuliza kama ndivyo unavyoiona nyumba yetu siku hizi.

Bibi, daktari alisema mtoto wa jicho huyo atolewe kabla ya mwaka kwisha, la sivyo atakuwa mgumu kutoka. Shangazi kaniambia umekataa tena. Mke wangu, kwa nini? Niandikie kwa anwani ya lango la hifadhi niliyoandika nyuma ya bahasha. Wananitunzia barua.

Mumeo mdogo,
Mjukuu wako

*

Tarehe 19 Septemba

Mume wangu mtoro,

Marahaba. Sisi wazima, ila magoti yangu yananidai kila nikipanda ngazi. Anayeandika ni shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asiongeze chumvi. (Siongezi. Shangazi.)

Kwa hiyo unalipwa kutazama ndege. Kuishi kwingi kuona mengi. Babu yako angesikia angeacha kazi siku hiyo hiyo.

Kuhusu macho, nisikilize. Rafiki yangu muuza vitambaa aliingia kwa daktari akiwa anaona ukungu, akatoka jicho moja halioni chochote. Mimi huu ukungu wangu nimeuzoea. Naona dirisha ni jeupe, naona mtu akipita mbele yake. Nikiupoteza huo mwanga kidogo nitabaki na nini? Naogopa, na sioni haya kusema. Wahenga walisema macho hayana pazia. Yangu yamepata, na yametulia.

Ila usidhani nimekaa bure. Nimeanza kudarizi pazia la chumba chako, maana ipo siku utarudi. Shangazi yako ananitilia uzi kwenye sindano, mengine nafanya kwa vidole. Miaka yote niliyofundisha mikono hii haikupotea. Nimekosa kitu kimoja tu, sijui nidarizi nini. Sasa umeniletea jibu. Kila barua niandikie ndege mmoja, umbo lake na rangi zake, vile unavyomwona. Usinitumie picha, picha haina faida kwangu. Nataka maneno yako.

Safari yako ikiisha nitakupa jibu la macho. Kabla ya hapo usiniulize, mgonjwa haulizwi uji, na mimi wala si mgonjwa.

Kula.

Bibi yako

*

Tarehe 2 Oktoba

Mke wangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Paka yule wa jirani bado analala juu ya kitambaa chako?

Tumeingia kwenye hifadhi ya msitu. Miti ni mirefu hadi shingo inauma, na chini ni laini, unatembea kama uko juu ya godoro. Huu ndio msimu wa majani kubadilika. Watu wanasimamisha magari barabarani, wanashuka, wanaangalia miti na kushika vifua. Mama Darubini alitoa machozi. Mimi naona miti, Bibi. Mizuri, lakini ni miti.

Ila kuna jambo linalowashangaza. Ndege akijificha kwenye majani, mimi humwona kabla yao. Wao wanahangaika na darubini, mimi namwonyesha kwa kidole, "Yule pale." Mama Darubini anasema nina macho ya tai. Nimefurahi, sikuwahi kusifiwa macho.

Ndege wako ni huyu. Kigong'ota. Kaushikilia mti kwa kucha, mkia kaukandamiza kwenye gome kama mguu wa tatu wa kigoda. Shingo inapiga, inapumzika, inapiga. Usoni ana weusi kama mtu aliyeshika masizi akajipangusa. Mwili wote uliobaki ni rangi moja, ile kahawia ya majani yaliyokauka, kuanzia utosini hadi mkiani. Amejificha vizuri kwenye gome, ungepita hapo usimwone.

Mama Darubini alinishika bega akapiga kelele, "Angalia kofia yake nyekundu!" Nikatazama. Hakuna kofia. Nikamwitikia tu, ni mtu mzima.

Baada ya hapo tulikaa mpaka jua likaingia katikati ya miti, na yule kigong'ota akaendelea kugonga, mbali, karibu, mbali, mpaka sikujua tena kama namsikia au naota. Ningependa ungekuwepo.

Mumeo,
Mjukuu wako

*

Tarehe 13 Oktoba

Mume wangu,

Marahaba. Magoti yale yale. Paka ndiyo, na ameacha manyoya yake kwenye pindo.

Kigong'ota amekwisha. Nimempa kahawia yako ya majani makavu kuanzia utosini hadi mkiani, na masizi usoni. Nilipitisha kidole juu yake nikahisi kama ananigonga. Umeniandikia vizuri. Kile kigoda cha miguu mitatu kilinichekesha mchana mzima.

Leta mwingine. Nina kitambaa kingi na nyuzi zimejaa rafu.

(Shangazi hapa. Yeye amekwenda kulala. Mwanangu, kigong'ota huyo nimemwona kwenye kalenda ya dukani. Mgongo ni kijani kibichi na kofia ni nyekundu kama pilipili iliyoiva. Nilimwambia mama, akaniambia ninyamaze nitie uzi kwenye sindano. Sasa nani anakosea, wewe au kalenda?)

Bibi yako

*

Tarehe 24 Oktoba

Bibi,

Shikamoo. Leo sina utani.

Nilisoma maneno ya Shangazi nikiwa nimekaa kwenye usukani. Nikamwendea Mama Darubini, nikamuuliza. Alinipeleka kwenye kichaka cha matunda ya porini, akaniambia nichume yaliyoiva. Nikachuma, nikampa kiganja kizima. Aliyatazama, kisha akanitazama mimi. Karibu nusu yalikuwa mabichi.

Mzee Kimya, ambaye sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "asante", akasema, "Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo. Nyekundu na kijani kwake vilikuwa kitu kimoja."

Kwa hiyo ndivyo nilivyo, Bibi. Ndiyo maana ile miti haikuniliza. Ndiyo maana nawaona ndege kwenye majani, nafuata umbo kwa kuwa rangi hainidanganyi. Hata taa za barabarani, nimegundua jana, huwa siangalii rangi. Naangalia iliyowaka ni ya juu au ya chini. Nilidhani kila mtu hufanya hivyo.

Naona aibu. Umetumia vidole na usiku wako kudarizi ndege ambaye hayupo duniani. Fumua. Nitamwomba Mama Darubini anisomee rangi za kweli, nikuandikie upya.

Na kuna jambo linanisumbua. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinituma uzi mwekundu, nakuletea mwekundu. Ukinituma kijani, nakuletea kijani. Sikumbuki hata siku moja nimekosea. Iliwezekanaje?

Mjukuu wako

*

Tarehe 4 Novemba

Mume wangu,

Marahaba, na futa machozi. Shangazi yako naye nimemsema hadi ameomba radhi. (Kweli. Sirudii.)

Ulikosea, mjukuu wangu. Hukumbuki tu. Ulikuwa hujaanza hata shule. Nilikutuma uzi mwekundu, ukaniletea kijani, umeushika kwa mikono miwili kama umebeba yai. Kesho yake tena hivyo hivyo. Nikakutazama usoni nikaona huna utani. Ndipo nikajua.

Sikutaka uchekwe, wala sikutaka uanze kujiona una kasoro wakati ni rafu tu iliyohitaji kupangwa. Usiku ule nilizishusha nyuzi zote nikazipanga upya. Nyekundu upande wa dirisha. Kijani upande wa mlango. Kahawia chini, buluu juu, njano katikati. Tangu hapo nikikutuma nasema, "Niletee mwekundu, ule wa dirishani." Ukaenda, ukarudi, ukapewa busu. Sikuwahi kuibadili rafu ile, hata ulipokua ukahama.

Sasa sikia mambo ya dunia. Macho yangu yalipoanza kuziba, niliogopa kwamba kazi imekwisha. Nikanyoosha mkono kwenye rafu. Nyekundu ikawa dirishani. Kijani ikawa mlangoni. Rafu niliyokupangia wewe ndiyo inayonifanyia kazi mimi. Siku ile nilicheka peke yangu, shangazi yako akadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Na sifumui. Unadhani nimezaliwa jana? Kigong'ota namjua, nimeona vigong'ota kabla baba yako hajazaliwa. Nilijua ana kofia. Nilikuomba rangi "vile unavyomwona", sikusema vile alivyo. Nimekulea, nimekuogesha, nimekushonea suruali, lakini sijawahi kujua dunia ina rangi gani ukiitazama wewe. Hiyo ndiyo niliyoitaka. Wenye macho mazima wamejaa, wataniambia rangi za kweli siku yoyote.

Shida ni moja. Nimelidarizi pazia na siwezi kuliona. Nalipapasa tu. Na ghafla nimeona uchungu, mume wangu, uchungu kweli, kwamba dunia yako iko mikononi mwangu na mimi nimekaa nayo gizani.

Kwa hiyo sitasubiri mwisho wa safari. Nimemwambia shangazi yako anipeleke. Alhamisi ijayo wanaanza na jicho la kulia. Naogopa kama nilivyokuwa naogopa. Ila nakwenda.

Usiache kuandika.

Bibi yako

*

Tarehe 21 Novemba

Mke wangu,

Shikamoo. Sijui ni nani anakusomea hii, wala kama iko mikononi mwako.

Nimepita malango mawili, hakuna barua. Mtu wa ofisi ya lango sasa ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Alhamisi yenu ilipita zamani. Ni mimi niliyekusukuma uende kwa daktari, na sasa kila nikifumba macho namwona rafiki yako muuza vitambaa. Kama limetokea jambo baya, niambie. Nitaacha gari hili barabarani nije.

Tumefika kwenye bwawa la korongo. Nakuandikia kwa sababu ulisema nisiache.

Asubuhi tulisimama kwenye matete kabla jua halijatoka. Baridi ilikuwa inauma masikio. Tulikuwa tunasikia tu, kama umati wa watu wanaozungumza kwenye chumba cha pili. Kisha mwanga ukaja, na lile tulilodhani ni ukingo wa bwawa likaanza kutembea. Ni wao, Bibi. Korongo, mpaka macho yanapokomea. Wamesimama kwenye maji wakiwa wameinamisha shingo kama wanawake wanaotafuta pete iliyoanguka. Mmoja akainuka, kisha wengine, na anga yote ikawa mabawa, taratibu, bila haraka yoyote. Mzee Kimya alimshika mkewe mkono. Mimi sikuwa na wa kumshika, nikashika darubini.

Walipita juu yetu wakiita. Nilitamani mmoja wao angekuwa anaelekea kwenu.

Sijakuandikia rangi yao. Mama Darubini alinitajia, lakini sina hakika tena ni kipi nikuambie. Nisubiri kwanza nisikie kutoka kwako.

Nakupenda. Sijui kama niliwahi kukuambia hivyo bila utani.

Mjukuu wako

*

Tarehe 30 Novemba

Mume wangu,

Marahaba. Tazama mwandiko. Umepinda kama njia ya mbuzi, lakini ni wangu. Shangazi yako amekaa pembeni anatamani kuongeza neno na sijampa kalamu.

Nisamehe kwa kimya. Daktari alinifunga jicho, akanikataza kuinama, na mimi nikamkataza shangazi yako kukuandikia. Nilitaka barua ya kwanza ya jicho hili iwe yako. Sikufikiria kwamba utateseka kiasi kile. Shangazi yako alinisomea barua ya korongo jana nikalia, na daktari alikataza pia kulia.

Jicho linaona. La pili watalitibu mwezi ujao.

Waliponifungua niliona mikono yangu kwanza, nikadhani ni ya mama yangu. Kisha nikarudi nyumbani nikatundika pazia lako dirishani, jua likiwa nyuma yake, nikavuta kiti.

Mjukuu wangu, ndege wako ana sura ya mtu aliyeanguka kwenye gunia la ugoro. Nilicheka. Kisha nikamtazama mpaka chai ikapoa. Kumbe huko ndiko unakoishi. Ni pazuri. Pametulia, na kila kitu ni ndugu wa mwenzake, jani na tunda, ndege na mti. Nilikaa humo hadi jioni na sikutaka kutoka.

Sasa ni zamu yangu kukudai. Nafasi imebaki katikati ya pazia, kubwa ya kumtosha korongo. Niambie rangi yake, na usimuulize Mama Darubini wala mtu mwingine.

Ukimaliza na ndege wako, njoo ulione pazia mwenyewe. Shangazi yako anataka kupanga rafu upya, eti sasa naona, nyuzi zikae zinavyopendeza. Nimemkatalia. Nyekundu bado iko upande wa dirisha.

Mkeo,
Bibi