Unga wa Chumba cha Kukaushia

Dada yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa mzima. Mama ameacha mkongojo, na lile pazia ulilonishonea majirani wanalionea wivu waziwazi.

Kazini tumefanikiwa. Wale bakteria wanaotutengenezea kimeng'enya cha sabuni, kile kinachokula madoa, nimeshajua wanachopenda: joto lisiloyumba, sukari kidogo kidogo na hewa nyingi. Tangi moja sasa linatoa mazao ya matangi mawili. Bosi alinipigia makofi mbele ya watu.

Ila chumba cha kukaushia ni kilekile. Unga wa kimeng'enya umezidi, unaelea humo kama ukungu. Mrefu, fundi wa mashine ya kukaushia, yule mcheshi niliyekusimulia, alianza na kikohozi tu. Wiki iliyopita nilimkuta amekaa sakafuni, kifua kinalia filimbi. "Dada, pumzi haiingii," aliniambia. Tumeshamzika.

Nilimwomba Bosi tupunguze uzalishaji. Akacheka. "Si wewe uliyewanenepesha hao wadudu? Leo unawaogopa?"

Sasa nasikia shemeji ameitwa kushika nafasi ya Mrefu, na amekubali. Dada, mzuie. Akikasirika, sema mimi ndiye niliyekataza.

Asubuhi hii nimezima mashine inayowapulizia bakteria hewa. Matangi yote yameharibika, hakuna cha kukausha. Bosi ameshajua, amefunga geti na ananiita ofisini. Mama usimwambie kitu mpaka usikie sauti yangu.

Mdogo wako akupendaye.