Mama Agripina na Ungo Wake

Umetimia mwaka, Mama yetu Agripina, tangu ulipolala hapa Iguguno usiamke, na mkweo Loyce bado hushtuka alfajiri akidhani amekusikia ukianguka.

Kiharusi kilipokulegeza mkono wa kulia, hofu ilihamia kwetu na virago vyake vyote. Loyce alificha visu, akaziba mlango wa jiko kwa benchi, akawa anakulisha uji kwa kijiko. Mama mkwe mgonjwa ashike mwiko? Kijiji kizima kingemsema. Basi wewe, uliyepepeta uwele bila punje kudondoka, ukabaki kutazama ukuta. Uliacha hata kututania, na hilo ndilo lililomtisha Loyce zaidi.

Jirani yetu Stumai, ambaye mwanawe hakuweza kushika kijiko mpaka alipofundishwa, ndiye aliyemwelekeza: "Mtafute dada Witness, hospitalini mjini. Ni mtaalamu wa tiba kazi."

Loyce alitarajia dawa ya kuchua. Witness alikuja mikono mitupu, akakupa shikamoo, akauliza, "Bibi, kabla hujaugua, asubuhi ulikuwa unafanya nini?"

"Napepeta. Halafu nalisha kuku."

"Haya, leteni ungo."

Loyce aliushika ungo asiutoe. "Ataanguka, dada. Na moto uko pale."

"Moto tutausogeza. Atakalia kiti chenye mgongo, na ukingo wa ungo tutauzungushia kitambaa ili mkono ushike. Kazi yangu ni kumrudishia mtu shughuli zake, kidogo kidogo. Yako ni kukaa karibu naye, mikono nyuma."

Hakuna palizi iliyowahi kumchosha Loyce namna hiyo. Siku ya kwanza uwele wote ulimwagika, kuku wakafanya sherehe, nawe ukacheka kwa mara ya kwanza tangu uugue.

"Mama Peniel, unahema kama ng'ombe wa plau," ulimwambia Loyce. "Nenda kachote maji huko."

Hakwenda. Alisimama nyuma yako.

Mkono haukupona wote, lakini ulijifunga kanga mwenyewe, ukala mwenyewe, ukampepetea mjukuu wako Peniel uwele wa uji. Hukuanguka hata mara moja. Kiharusi cha pili kilikukuta usingizini, na Witness alimweleza Loyce kwamba ungo haukuhusika. Mchana Loyce huamini hivyo. Alfajiri humwia vigumu.

Sasa mumeo, Baba Paskali, naye amepigwa na ugonjwa uleule, na Loyce anaogopa upya. Juzi Baba alinyoosha mkono kuchukua chai, kikombe kikayumba, mwanao Benson akanyanyuka kumsaidia.

"Muache Baba," Loyce akasema. Mikono yake ilikuwa nyuma.

Unakumbukwa na mumeo Paskali, mwanao Benson, mkweo Loyce, mjukuu wako Peniel na jirani yako Stumai. Daima uko nasi, Mama. Kile kitambaa cha ungo wako, Loyce amekizungushia mkono wa kikombe cha Baba.