Mahindi Yaliyoenda Nunguni

Kiboko,
16 Februari 2025

Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, mama yangu. Mimi ni mzima, ila joto la Kiboko linanimaliza. Goti lako je? Na ndengu mmeshapura, au bado ziko juani?

Jana ulianza kuniuliza jambo, mtandao wa Kyuso ukatukata kama kawaida. Nimeona heri nikuandikie. Barua haikatiki, na tangu umalize masomo ya gumbaru najua unasoma kila barua mara tatu. Nitaituma na basi la Mwingi. Othman wa duka la dawa za mifugo atakuwekea.

Uliuliza kama Pasta alisema kweli, kwamba binti yako anatengeneza mahindi ya GMO. Alisema kweli. Ngoja nikueleze mwenyewe.

Unaijua ile kuvu ya kijani inayoota mahindi yakivunwa na unyevu. Kuvu hiyo hutengeneza sumu, aflatoksini. Ndani yake kuna jeni, yaani maagizo, na mojawapo ya maagizo hayo ndilo linaloamuru sumu ipikwe. Sisi tumeyatia mahindi ujumbe mdogo sana. Kuvu ikiyala inaumeza ule ujumbe, na jeni ya sumu inanyamaza. Kuvu haifi, inaishi, lakini haipiki sumu. Hiyo ndiyo kazi yangu, kunyamazisha jeni. Bado ni majaribio, kwenye chumba cha neti kinachofungwa kwa kufuli. Hakuna mtu anayekula mahindi hayo.

Kwa nini nilichagua kazi hii, unajua. Hatujawahi kuliongea, lakini unajua.

Mwanao,
Kanyiva

*

Kyuso,
2 Machi 2025

Kanyiva, mwenye jina la mama yangu,

Nakusalimu sana. Huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Goti linauma asubuhi, likipata jua linatulia. Ndengu tulipata magunia matatu na nusu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Nimeelewa hiyo habari ya kuvu kunyamazishwa. Lakini nina maswali, na usicheke.

La kwanza: mahindi yanazaana kwa upepo. Mutisya jirani akipanda yako, na mimi nikapanda yangu ya kinyanya, mbegu ya kienyeji niliyopewa na mama mkwe, si yatachanganyika? Nani ataniuliza kama nimekubali?

La pili: nitaweka mbegu ya mwaka ujao, ama nitarudi dukani kila msimu?

La tatu ndilo linaninyima raha. Huo ujumbe unaomezwa na kuvu, mtoto akila, utanyamazisha nini ndani yake?

Pasta si mtu mbaya. Anaogopa kitu asichokiona, kama mimi tu.

Yale ya mwisho uliyoandika nimeyaona. Tuyaache hapo.

Mama yako,
Wayua

*

Kiboko,
20 Machi 2025

Mwaitu,

Nimefurahi kusikia goti linapenda jua, na magunia matatu na nusu si haba kwa mvua ile. Mimi sijambo.

Sikucheka. Maswali yako niliyasoma kwenye mkutano wetu wa Jumatatu, na watu waliyaandika kwenye madaftari yao.

La tatu kwanza. Tumbo la mtu huukatakata ujumbe ule kama chakula kingine. Pia tumeuandika ulingane na jeni ya kuvu, kisha tukatafuta kama kuna jeni ya binadamu inayofanana nao. Hadi sasa hatujaona. Bado tunapima, na sitakuambia tumemaliza kabla hatujamaliza.

La pili: mbegu si ya kampuni, ni ya utafiti wa umma, na mimi nataka mkulima aweze kuihifadhi. Lakini si mimi nitakayeamua.

La kwanza umenishika. Chavua husafiri. Mashamba yakitengwa inapungua, lakini mashamba yenu yamegusana. Sina jibu zuri.

Habari nyingine: nimealikwa redioni, kipindi cha Kikamba, kueleza kazi yetu. Ni Jumatano ya tarehe tisa mwezi ujao, saa nne asubuhi. Nisikilize!

Mwanao,
Kanyiva

*

Kyuso,
13 Aprili 2025

Kanyiva,

Huku ni wazima.

Jumatano nilikuwa nachambua ndengu na akina mama wa kanisa, redio iko katikati yetu. Sauti yako ilipoingia walipiga vigelegele. Nilijisikia mtu mkubwa.

Kisha ukasema, "Mdogo wangu Kiilu alikufa akiwa na miaka sita kwa sababu nyumbani tulikula mahindi yaliyooza."

Tulikula? Wewe hukuwepo. Wewe ulikuwa shule ya bweni Nunguni. Mpishi nilikuwa mimi.

 Mmoja aliinuka akazima redio, wakaendelea kuchambua wakiangalia ungo.

Miaka ishirini na moja sijalitaja jina hilo mbele ya watu. Wewe umelitaja kwa wilaya nzima, na hukuniuliza.

Usiniandikie kwanza.

Mama yako

*

Kiboko,
19 Aprili 2025

Mwaitu,

Najua umesema nisiandike. Naomba uisome hata mara moja tu.

Nilikosa. Mtangazaji aliniuliza kwa nini mtu kama mimi afanye kazi inayopingwa, na jibu likatoka kabla sijafikiri. Nilidhani ni hadithi yangu. Niliipata nikiwa Form One, nimeitwa ofisini, nikaambiwa nifungashe nguo. Nilifika mkiwa mmeshamzika. Sikumwona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta ndani ya mahindi, kila punje ninayoiweka kwenye mashine.

Lakini wewe ndiye uliyekuwepo. Nilipaswa kukuuliza. Nisamehe.

Mwanao

*

Kiboko,
25 Mei 2025

Mwaitu mpendwa,

Natumaini afya yako ni njema. Othman ameniambia barua yangu uliichukua, na kwamba unatembea vizuri. Nimeshukuru kwa hilo.

Nikipiga simu inaita tu. Sitakusumbua. Nitasubiri.

Mwanao,
Kanyiva

*

Kyuso,
29 Juni 2025

Kanyiva mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Mimi mwili ni mzima. Barua zako mbili ninazo kwenye Biblia. Hii nimeianza mara nyingi, nikaichana. Leo nimeamua isichanwe.

Nitakuambia kitu ambacho hata marehemu baba yako sikumwambia.

Mwaka ule, shule ilipokaribia kufunguliwa muhula wa pili, kila msichana alitakiwa aende na debe mbili za mahindi. Yenye kuvu yalikuwa yanarudishwa langoni. Yetu tulikuwa tumeyavuna na unyevu kwa kuogopa wezi, tukayarundika chini ndani ya nyumba, na joto likayaingia. Baba yako alikuwa kazini Mtito Andei. Nilikuwa peke yangu na nyinyi wawili.

Nilikaa na ungo siku mbili. Punje nyeupe niliweka kwa debe zako. Zilizogeuka rangi niliweka kando. Kiilu alinisaidia. Vidole vyake vilikuwa vidogo na vilikuwa na haraka. Alikuwa anasema, "Hii ni ya Kanyiva. Hii ni yetu. Hii ni ya Kanyiva."

Ukaenda shule, hawakukurudisha. Nilifurahi sana siku hiyo.

Yale ya kando niliyaosha mara tatu, nikayaanika, nikayachemsha yawe isyo. Hatukuwa na kingine. Yeye alipenda isyo, alikula akaongezwa. Mimi nilikula kidogo ili yeye ashibe. Baada ya siku kumi hivi macho yake yakawa manjano, tumbo likavimba. Nilimbeba hadi dispensari, tukapelekwa Kitui. Alikaa siku nne. Siku ya tatu aliniuliza kama umefunga shule.

Watu wa afya walipokuja kuuliza tulikula nini, nilisema mahindi kama ya kila mtu. Sikuwaambia niliyagawa.

Kwa hivyo ukisema mbegu yako ingemwokoa, mimi nasikia kwamba mama yake ndiye aliyemuua. Na niliogopa zaidi siku utakayojua kwamba uliishi kwa sababu nilikuwekea nyeupe.

Sasa wewe ni mtu wa maabara. Nakuuliza, na nijibu kama mtu wa maabara. Ningegawa sawasawa, angeishi?

Mama yako,
Wayua

*

Kiboko,
6 Julai 2025

Mwaitu wangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa huwezi kuniona.

Jibu hili nimeliandika mara tano. La kwanza lilikuwa uongo mzuri. Nililipenda, lakini umeniomba nijibu kama mtu wa maabara.

Kuchambua kunapunguza sumu. Sehemu kubwa yake hukaa kwenye punje chache zilizoharibika. Kwa hivyo debe zangu zilikuwa na sumu kidogo kuliko sufuria ya Kiilu. Kuosha na kuanika hakuitoi sumu ikishaingia ndani. Hiyo ni kweli, na nimelia nikiiandika.

Kweli nyingine ni hii. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Nimeshapima punje nyeupe, nzuri kabisa, zikatoka na sumu kupita kiwango. Ungegawa sawasawa, huenda Kiilu angeishi. Huenda tungeugua wote watatu. Mwili wa mtoto wa miaka sita hulemewa upesi hata na kidogo. Sijui, Mwaitu. Hakuna mashine itakayojua.

Ninachokijua ni kwamba ulikuwa na macho mawili na ungo mmoja, na hakuna aliyekuwa amekuambia kuna sumu isiyoonekana. Uliwagawia watoto wako wawili chakula ulichokuwa nacho. Uliniambia ulikula kidogo ili yeye ashibe. Mtu hamshibishi mtoto kitu anachojua kitamuua.

Na mimi niliishi. Usiniogope kwa hilo. Nilikuwa mtoto nikila mahindi ya shule, nikinung'unika kwamba hayana chumvi. Sasa najua nani aliyachagua. Wawili walioketi kwenye ungo ule walinipenda, basi.

Nisamehe kwa neno "yaliyooza". Sitalisema tena.

Kazini tumepata pigo. Aina moja ya mahindi yetu, tulipoyanyima maji kama ukame wa huko, sumu ilirudi. Tukaiandika kwenye ripoti hivyo hivyo ilivyo. Aina nyingine mbili bado zinasimama.

Niite nikija. Usiponiita nitasubiri.

Mwanao,
Kanyiva

*

Kyuso,
24 Agosti 2025

Kanyiva mwanangu,

Salamu nyingi kama nyota. Mimi ni mzima, na wiki hii nimelala vizuri.

Asante kwa kutonidanganya. Ungeniandikia "si wewe, Mwaitu" peke yake, ningejua unanihurumia, na ningebaki pale pale. Hiyo "huenda" yako ni nzito, lakini naweza kuibeba. Ile niliyokuwa nayo sikuweza.

Sasa nikupe habari. Alhamisi kulikuwa na baraza hapa sokoni. Watu walikuja kutoka kaunti kuchukua maoni juu ya hizo mbegu. Pasta alisimama akasema tusicheze na uumbaji, akapigiwa makofi. Muuza mbegu mmoja akasema tunachelewesha maendeleo, naye akapigiwa. Kijana wa chuo akawaita watu wajinga, akazomewa. Wakauliza kama kuna mama wa kuongea. Nikajikuta nimesimama, na goti hili.

Nilisema, "Mimi ni Wayua. Sijaja kusema ndiyo, sijaja kusema la. Binti yangu anazifanyia utafiti, na yeye mwenyewe ameniambia hajamaliza. Nimekuja kusema kwamba mwaka wa elfu mbili na nne nilichambua mahindi. Meupe nikampelekea mtoto wa shule, yaliyobadilika nikampikia mtoto wa nyumbani. Wa nyumbani alikufa. Sumu iko huku kwetu tayari, wakati nyinyi mnabishana. Andikeni hivyo. Mbegu ikiwa nzuri ije, na tuulizwe kabla ya kuja. Lakini msimu huu tunataka turubai za kuanikia na kipimo cha sumu hapa sokoni. Sitaki kungoja kuvu inyamazishwe na mimi nimenyamaza."

Hawakupiga makofi. Karani aliuliza, "Mtoto aliitwa nani?" Nikasema, "Kiilu." Akaandika.

Nilipotoka, mwanamke mmoja alinifuata. Anaitwa Kaluki, anauza vikapu, tunajuana kwa salamu tu. Alinishika mkono karibu na choo cha soko na hakuuachilia. Akasema, "Wayua, mimi nilisaga yale mabaya ili yasionekane. Wangu walikuwa wawili."

Ijumaa alikuja kwangu na mwingine. Jana walikuwa watano. Nilipika chai, hatukuomba wala kuimba, tuliongea tu. Mmoja ametoka mbali huko Tseikuru. Kila mmoja alikuwa anafikiri ni yeye peke yake aliyefanya hivyo dunia nzima.

Njoo, Kanyiva. Jumamosi ya tarehe sita mwezi ujao watakuwa hapa. Ukiweza uje na kile chombo cha kupimia, tupime ya mwaka huu. Lakini wana jambo lingine kabla ya hilo. Wanataka kukuuliza lile swali nililokuuliza mimi, kila mmoja juu ya wake. Nimewaambia jibu lako si tamu. Wamesema wanalitaka.

Uwajibu vile ulivyonijibu mimi. Usipunguze kitu.

Mama yenu, wewe na Kiilu,
Wayua