Kusoma Kimya Ukweni

Kibondo, Julai 1993

Mama Neema wangu,

Pokea salamu kutoka kwenye ukungu. Huku chai ya asubuhi ina haraka ya kupoa. Unaijua desturi yangu: nikishashiba, hujitenga na kile kitabu changu cha zamani. Kumbe kwa wakwe zetu hawa, mgeni akijitenga kimya maana yake amekasirika. Juzi mama mkwe wa Neema alinijia na mzee jirani awe shahidi.

"Mkwe, tumekukosea nini? Sema, tusuluhishe."

Binti yetu nyuma yao alikaribia kulia. Nikaeleza kwamba nilikuwa nasoma hadithi tu.

"Hadithi tamu, halafu unakula peke yako?" akasema mzee.

Basi adhabu yangu ikawa kuwasomea kwa sauti huku wakichambua maharage. Kitabu nilichokisoma mara kumi, jana kilinichekesha mahali ambapo nilikuwa sijawahi kucheka. Neema naye anacheka tena.

Ila Jumamosi usinitazamie. Zimebaki sura tatu, na mzee ameficha viatu vyangu.

Nimekukumbuka mno, wewe uliyezoea kimya changu.

Wako, Baba Neema