Mashine iliyohitaji mchana mmoja wa umeme

Jumatano, Likasi. Joto. Mawingu mazito tangu asubuhi, mvua hakuna.

Nina hasira na sina mtu wa kumkasirikia. Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi.

Nilianza kazi ya habari katika mji huu wakati viwanda vilikuwa vikitoa moshi mchana na usiku. Sasa tumebadili jina la nchi, bendera na pesa, na mimi naandika juu ya vitu vinavyosimama: tanuru, treni, mishahara. Leo nilitumwa kuandika juu ya kitu kinachoanza. Mhariri alikuwa tayari na kichwa cha habari kabla sijavaa viatu: Likasi yaingia karne mpya.

Habari yenyewe ni mashine. Inatafuta vidudu vya magonjwa kwa kuzidisha vipande vya vinasaba vyao, mzunguko baada ya mzunguko, na katika kila mzunguko inapima mwanga. Kidudu kikiwepo, mstari unapanda kwenye kioo huku unautazama. Huko nyuma mtu alisubiri mpaka kazi yote iishe ndipo achungulie kama kuna kitu. Sasa jibu linakuja mchana uleule, mbele ya macho.

Aliyeileta ni Monsieur Kazadi, wakala wa wauzaji walioko Johannesburg. Alipita Zambia kwa barabara, akaonyesha Lubumbashi, leo sisi, kesho Kolwezi, kisha anarudi. Mradi mmoja wa wafadhili utaacha mashine kama hiyo katika maabara moja ya huku kwetu, ile itakayoonyesha kwamba inaweza kuiendesha. Kipimo ni kimoja tu: kumaliza kazi moja bila kukatika.

Kazadi si mgeni. Alizaliwa hapa. Familia yake iliondoka kwa treni mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati majirani walipoamua nani ni wa hapa na nani ni wa Kasai. Hakulitaja jambo hilo. Aliuliza tu kama muuza mikate wa karibu na stesheni bado yupo. Nilimwambia hayupo.

Lazima niandike hapa jambo ambalo sitaliandika gazetini. Nilikuwa na langu katika habari hii.

Mdogo wangu Deo alikuwa fundi wa tanuru mpaka tanuru ilipozimwa. Tunaishi pamoja. Anakohoa tangu kiangazi. Maman Odile, mkuu wa maabara ya hospitali, ametafuta kidudu cha kifua kikuu katika makohozi yake mara kwa mara na hakukiona. Yeye mwenyewe anasema kutokukiona si sawa na kutokuwepo. Inaweza kuwa kifua kikuu. Inaweza kuwa vumbi la miaka yote ile ya kiwandani. Dawa ni chache na daktari hazianzishi bila uthibitisho. Kupeleka makohozi Lubumbashi ili vidudu vioteshwe ni wiki nyingi, kama yakifika.

Basi Maman Odile aliweka sampuli ya Deo kati ya zile za leo. Alikuwa na haki: ndiyo aina ya mgonjwa ambaye mashine hii ilitengenezewa. Lakini nilimshukuru kwa sauti ya chini, kama mtu aliyependelewa.

Kabla ya kuanza, Kazadi alituhutubia kuhusu soko. Ulaya maabara zinaagiza. Afrika Kusini zimeanza. Zambia wanafikiria. Nilikwisha kusikia maneno hayo kuhusu faksi: kila mji unaambiwa kwamba mji wa jirani unafikiria. Nikamuuliza swali ambalo huwa nawauliza wauzaji wote, kwamba baada ya zawadi tunanunua nini, na kwa nani.

"Ile produits ya kutia ndani, maman. Kila mara unapima, unatia."

"Na nani anaiuzisha?"

"Ni siye."

"Siye peke?"

"Siye peke," akasema, akacheka. "Maman Journaliste, weye ungeuzisha hii machine kupita miye."

Kwa hiyo nimeelewa. Mashine ni chambo. Biashara iko kwenye vichupa vya dawa ya kupimia, na vichupa vinataka baridi kali kutoka kiwandani mpaka mezani. Maabara ikiishiwa, mashine inakuwa meza ya kuwekea chai. Niliyaandika hayo na kumsomea, naye hakuyakana. Nilimheshimu kwa hilo.

Maman Odile alisikiliza yote akiwa amekunja mikono. Darubini yake iko dirishani, na kioo chake kidogo kinategea jua. Miaka hii yote imefanya kazi bila kumuuliza mtu kama umeme upo.

"Hii haina kosa lolote," akasema akiigusa. "Inashindwa tu kuona tududu tuchache. Minye nataka kuona tuchache."

Sasa umeme.

Mto Lufira bado haujajaa, bwawa la Koni halitoi umeme wa kutosha, na mji unagawiwa kwa zamu. Lakini kuna desturi. Hospitali ikiwa na upasuaji, inampelekea habari Papa Ngoie, fundi wa kabini, kile kijumba kinachogawa umeme wa mitaa, naye anakata mitaa mingine na kuishikilia laini ya hospitali. Amefanya hivyo miaka mingi bila kulipwa na bila kukosea. Jana Maman Odile alimpelekea habari kama kawaida: kesho mchana kutwa, tafadhali, kuna mashine.

Kazi ikaanza vizuri. Chini ya meza kulikuwa na kisanduku cha betri cha kuilinda mashine kwa muda mfupi. Chumba kilinuka spiriti. Tulikaa kama watu walio kanisani, tukitazama mistari iliyolala chini kwenye kioo. Baadaye mmoja ukainuka. Ulikuwa wa sampuli ambayo Kazadi alikuja nayo, inayojulikana kuwa na kidudu, ili tujue kwamba mashine haidanganyi. Maman Odile alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mstari wa Deo ulikuwa bado chini. Kuwa chini mapema hakuna maana yoyote. Vidudu vikiwa vichache, mstari unachelewa.

Kisha taa ya dari ikawa ya manjano. Kisanduku cha betri kikaanza kulia. Umeme haukukatika, ulidhoofika, ukabaki hivyohivyo, hautoshi kwa mashine na hautoshi kuilisha betri. Kazadi alipiga magoti chini ya meza akageuza kila kitu kinachogeuka. Kioo kikazimika. Mizunguko iliyobaki haikufanyika.

Mstari wa Deo haukusomwa.

Kazadi akafungua mlango wa nyuma unaotazama nyumba za wafanyakazi. Akasimama pale akinusa, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Munasikia harufu?" akasema. "Maharagi. Avenue yote inapika maharagi."

Ilikuwa kweli. Nyumba hadi nyumba, kwenye kabini hiyohiyo. Umeme ukiwepo nani atachoma makaa? Kila réchaud, jiko la umeme, mtaani ilikuwa na sufuria juu yake, na penye nafasi pasi nayo ilikuwa imechomekwa.

Papa Ngoie alikuja kwa baiskeli, akitokwa jasho, mara tu alipoona sindano za mita zake zinashuka. Maman Odile akamuuliza kwa upole nani aliwaambia watu.

"Ni miye," akasema. Hakuelewa swali lina ubaya gani. "Nilibaambia: kesho courant iko, mchana yote. Haiko vile tunafanyaka? Courant ikiwa iko, unaambia jirani. Unaweza kunyamaza, ukabaacha bachome makala ya kupikia?"

"Kwa opération unabaambiaka vile?"

"Kila mara, Maman Odile. Na opération inapita muzuri."

Ndivyo ilivyo. Upasuaji mmoja haumalizi asubuhi, na wachache hupika kwa muda mfupi hivyo. Taa hufifia kidogo, daktari huendelea. Safari hii aliwaahidi mchana kutwa, na mchana kutwa ndio muda wa maharagi. Mashine haikubali kufifia. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba kuna tofauti, kwa sababu hatujawahi kuwa na mashine inayojali.

Nimelizungusha jambo hili kichwani njia nzima. Nimtaje nani katika makala? Mtu aliyewatendea jirani zake wema? Mama aliyepika? Mto? Muuzaji aliyesema ukweli alipoulizwa? Nimezoea kuandika juu ya ubaya, na ubaya una mwenyewe. Hili halina mwenyewe.

Kabla sijaondoka, Maman Odile aliomba warudie.

"Na nini, maman?" Kazadi akasema. "Ile produits ingine ni ya Kolwezi. Na rapport, lazima niandike vile iko. Tension ya courant haitoshi."

"Andika," akasema. "Hata minye ningeandika vile."

Alirudi kwenye darubini yake, akaanza kuifuta ingawa ilikuwa safi. Sijawahi kumwona akifanya jambo lisilo na haja.

Kazadi alifunga mashine ndani ya sanduku lake, kamba moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye kasha la baridi akasimama. Katika kichupa cha Deo kilibaki kiasi. Akamwomba Maman Odile kipande cha plasta, akaandika jina juu yake, akakitia kichupa kwenye barafu.

"Kule Kolwezi, ndani ya machine, iko nafasi moja," akaniambia. Sikuwa nimemwambia kwamba Deo ni ndugu yangu. Pengine majina yetu ya ukoo yalitosha. "Sikuahidi, maman. Kama kule itaenda, nitatuma habari na taxi-bus."

Mlangoni akanusa tena.

"Mama yangu alikuwa anafanyaka vilevile," akasema. "Courant ikija, anatia maharagi mbele ya kutia taa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nyumba yetu iko kwenye avenue ileile. Nilijua kabla ya kufungua mlango. Deo alikuwa ameketi kando ya réchaud, shati safi lililopigwa pasi, sufuria imefunikwa. Amekuwa akikaa tu tangu tanuru izimwe, na kukaa kunamuua kuliko kikohozi. Leo alikuwa amefanya kazi.

"Yaya," akasema, anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "kula ingali moto. Courant ilikuwa chini-chini, lakini haikukatika. Nilichunga mpaka imeiva."

Nikala. Yalikuwa mazuri, yenye chumvi ya kutosha.

"Na ile machine? Balisema nini?"

"Bado. Kesho, Kolwezi."

Akakohoa, akasubiri kikohozi kiishe. "Basi na ile machine inachelewa kama siye," akasema, akaniongezea.

Sikumwambia. Sioni faida ya kumwambia mtu kwamba chakula pekee alichoweza kutupikia mwezi huu ndicho kilichokuwa upande wa pili wa waya. Labda nitamwambia jibu likija. Labda hata hapo sitamwambia.

Mhariri atapata makala yake, si kichwa chake cha habari. Nitaandika kwamba mashine inafanya kazi, kwamba vichupa vinauzwa na mtu mmoja, kwamba baridi haijulikani itatoka wapi, na kwamba maabara ya Likasi ilishindwa kwa sababu ya tension ndogo. Yote ni kweli. Papa Ngoie simtaji.

Kesho Kolwezi nao watatengewa umeme wa mchana kutwa. Huko pia, bila shaka, kabini inalindwa na mtu mwema.

Je, amekwisha kuwaambia majirani?