Barua Moja Uliyoiruka

Dada yangu Wambui,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kustaafu kwa kiti cha kompyuta nambari nne, baada ya kuutumikia umma miaka mingi kwa miguu mitatu na tofali. Hakukuwa na hotuba. Mwenye saiba, duka letu la intaneti, alikitupa nje jana, nami nikakukumbuka, maana ni wewe tu uliyeweza kukikalia bila kuanguka.

Unakumbuka zile Jumamosi? Ulishuka mjini kutoka bweni, begi umelikumbatia kifuani, ukaketi pale kusoma barua pepe za wanafunzi waliolemewa. Wewe na wenzako wawili mlikuwa mmebandika anwani kwenye milango ya vyoo vya chuo: tuandikie, hatuulizi jina. Mimi, mhudumu wa saiba, niliishia kidato cha nne, mengine nikayasoma kwenye magazeti ya kufungia nyama, basi kazi yangu ilikuwa kukusumbua. Kando ya kompyuta uligundisha karatasi ya kukukumbusha majibu: pumua polepole, kula, lala, mwambie mtu mmoja leo, si kesho. Nikakwambia hayo hata shosho, nyanya yetu, anayatoa, tena na chai. Ukasema, "Njoro, si kila mtu ana shosho." Nikaenda kukununulia chai, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kuna kitu sijawahi kukwambia.

Jumamosi moja, ukiwa mwaka wa tatu, uliondoka ukaacha barua wazi kama desturi yako. Nikaketi nizifunge. Ulikuwa umewajibu wote isipokuwa mmoja, aliyejiita Mwaka wa Tatu. Aliandika Jumanne kwamba haoni tena sababu ya kuamka, na kwamba akienda kwao Waithaka kiumbe pekee anayeweza kumtazama machoni ni ng'ombe wao, Waziri. Wambui, Dagoretti nzima, Waithaka yetu ikiwemo, kuna ng'ombe wangapi walioitwa Waziri kwa kula sana na kutoa kidogo? Ulikuwa umejificha nyuma ya jina hilo ukitumaini wenzako watakujibu bila kukujua. Wao walishaacha kufungua barua. Siku nne ulingoja, na siku ya tano ukaja kuangalia, ukawajibu watu wengine, ukaenda zako.

Nilimpigia mama kwanza, nikamweleza yote, na kwamba nitakujibu mimi. Kisha nikaandika kutoka anwani yenu, eti mimi mshauri. Sikujua la kusema, nikanakili karatasi yako mstari kwa mstari. Mwishoni nikauliza nyumbani kuna nani. Kabla ya saa kumi jibu likaja: "Kuna kaka. Lakini kwake kila kitu ni mzaha."

Nikaandika: "Mwambie huyo huyo. Akicheka, tuandikie tumshughulikie."

Jioni nilikukuta nyumbani, jikoni kwenye kigoda, mama amekuita kutoka bweni. Mama akatoka kumkamua Waziri, akachukua muda ambao maziwa ya Waziri hayajawahi kuhitaji. Ukaniambia yote. Nilijifanya nasikia mara ya kwanza, na sikucheka. Jumatatu tukaenda hospitalini kwa mshauri aliyesomea kazi hiyo, na muhula mzima nilikungoja nje kila wiki. Tukitoka tulipitia Kenyatta Market kula nyama. Siku uliyomwambia mchomaji kwamba nyama yake ni ngumu kama soli, nilijua unarudi.

Sasa uko Eldoret, unafundisha wanafunzi namna ya kujishika wasianguke. Nasikia huwa unawasimulia juu ya mshauri asiye na jina aliyekujibu Jumamosi, mtu mwenye hekima nyingi. Hapo ndipo naona aibu. Nilisoma barua isiyo yangu, halafu miaka yote hii nikakuacha umshukuru mtu ambaye hayupo. Ukikasirika nitaelewa. Nisamehe kwa kusoma. Kwa kujibu siombi msamaha. Ningerudia kesho.

Kula, dada. Lala mapema.

Kaka yako,
Njoro

Nyongeza: Nimemsomea mama barua hii. Anasema alikwambia siku ile ile kwamba mshauri ni mimi, kabla sijafika kutoka kazini.